Kompyuta Mpya Inawaka Kisha Inazimika: Hesabu Sekunde Kabla Hujanunua Pawa Saplai Nyingine

Mwezi haupiti bila mtu kuingia kibandani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, na kesi ya kompyuta imefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli. Maneno ni yale yale: "Fundi, nimeiunga mwenyewe, inawaka halafu inazimika. Nimeshabadilisha pawa saplai, bado." Wengine wameshabadilisha pawa saplai (lile boksi la ndani linalogawa umeme kwa vifaa vyote) mbili. Vifaa viliagizwa Kariakoo, vikaja kwa basi, hela ikaisha, na ukifungua unakuta kosa ni skrubu ya shilingi mia.

Wengi nimewaelekeza kwa simu, na karibu wote hukwama mahali pamoja: wanaruka hatua. Mtu akisikia "angalia ramu" anakimbilia ramu (vile vipande vya kumbukumbu), akisikia "pawa" anakimbilia dukani. Basi nimeandika yote kwa mpangilio. Fuata kama ilivyo, hata pale unapoona jibu umeshalijua.

Andaa vitu hivi

- Bisibisi ya nyota. Yenye sumaku ni bora, kwa sababu skrubu ikidondokea chini ya madabodi (ubao mkuu unaobeba vifaa vyote) umejiongezea tatizo la pili.
- Boksi la karatasi ngumu la madabodi. Kama umeshalitupa, boksi lolote kavu linafaa.
- Maltimita. Ya bei ya chini inatosha.
- Tochi, na mtu wa kukushikia.
- Pesti ya joto. Ukishainua hitisinki (kipoozeo kinachokaa juu ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta), pesti ya mwanzo haifai tena.
- Kifutio cheupe cha penseli na kitambaa kisichotoa nyuzi.
- Kifuniko cha chupa cha kuwekea skrubu.
- Karatasi na kalamu. Usiamini kichwa chako. Baada ya majaribio sita hutakumbuka la tatu lilikuwa na ramu ipi.

Pawa saplai ya kuazima kwa jirani ni msaada mkubwa, ila tutaihitaji mwishoni. Usiinunue leo.

Kabla hujagusa kitu

Chomoa plagi ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki ndani iishe. Fanya hivyo kila unapotaka kuchomeka au kuchomoa chochote. Swichi ya nyuma ya pawa saplai peke yake haitoshi, kwa sababu soketi nyingi za mitaani waya zimegeuzwa na hujui swichi ile imekata upande upi.

Pawa saplai usiifungue, hata kama imekufa. Ndani mna kapasita zinazotunza umeme mkubwa baada ya plagi kutoka, na hazibagui fundi na mwanafunzi.

Kuhusu umeme tuli, sisi watu wa pwani hewa yenye unyevu inatusaidia kidogo, ila chumba chenye kiyoyozi hukauka. Shika bati la kesi sehemu isiyo na rangi kabla ya kushika kifaa, na usifanyie kazi juu ya zulia.

Hatua ya 1: Washa, na uhesabu

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndiyo hatua ambayo hakuna anayeifanya. Kompyuta inayozimika inakuambia sababu kwa muda inaochukua kuzimika. Iwashe ukiwa umeifungua ubavu, tazama feni, hesabu kwa saa ya simu. Rudia mara tatu, uandike.

*Inashtuka na kufa papo hapo.* Feni zinacheza robo mzunguko, unasikia "tik" kwenye pawa saplai, kimya. Ukibonyeza tena haifanyi lolote mpaka uchomoe plagi na usubiri kidogo. Hiyo ni pawa saplai inajilinda: imeona shoti mahali. Mara nyingi yenyewe ni nzima, na ndiyo maana ukiibadilisha ya pili nayo inafanya vilevile.

*Inawaka sekunde moja au mbili, inazimika, inajiwasha tena yenyewe, bila kikomo.* Hapa madabodi inajaribu kuanza na kushindwa. Washukiwa ni ramu, waya wa umeme wa prosesa, prosesa isiyotambuliwa na BIOS (programu ya madabodi inayoamsha kompyuta), au kitufe cha kuanzisha upya kilichokwama.

*Inakaa sekunde nne hivi, kila mara zile zile.* Huyu mwizi ana jina: kitufe cha kuwashia. Kompyuta zimetengenezwa zizimike kwa nguvu ukishikilia kitufe kama sekunde nne. Kikibonyea kisirudi, madabodi inadhani umekishikilia. Kesi za bei rahisi zina ugonjwa huu, na mchanga ukiingia ndiyo kabisa.

*Inakaa nusu dakika hadi dakika chache, kisha inakatika ghafla.* Joto la prosesa. Ukiiwasha tena mara moja, safari hii inakaa muda mfupi zaidi, kwa sababu haijapoa. Muda unaopungua kila jaribio ndiyo alama yake.

*Inakaa saa nzima, inakatika ukifungua gemu.* Kompyuta yako inakaa vizuri, ila inazidiwa. Nenda hatua ya 2, kisha ruka hadi ya 8.

Kuna jambo moja linalowatisha watu bure. Madabodi mpya zinazotumia ramu za DDR5 (kizazi kipya cha ramu), washo wa kwanza kabisa huwa zinazipima ramu kabla ya kutoa picha. Zinaweza kukaa kimya na skrini nyeusi kwa dakika kadhaa, tena zikajizima na kujiwasha mara moja au mbili katikati. Hiyo si hitilafu. Iache dakika 15, kanywe chai. Ukiikatiza kila baada ya dakika moja, inaanza upya kila mara na wewe unaendelea kusema imekufa.

*Umefanikiwa iwapo:* karatasi yako ina mistari mitatu yenye sekunde, na mistari hiyo inafanana.

Hatua ya 2: Umeme wa ukutani

Umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Weka maltimita kwenye volti za AC (ile yenye alama ya wimbi), chagua kipimo kikubwa kuliko 250, uchomeke ncha zake kwenye matundu mawili ya chini ya soketi. Kati ya 207 na 253 hakuna neno. Kama hujawahi kupima soketi, mwite anayejua. Hapa si mahali pa kujifunzia peke yako.

Pima asubuhi, upime tena saa moja usiku, wakati mtaa mzima umewasha feni, pasi na televisheni. Baadhi ya nyumba tofauti ni kubwa.

Sasa soma kibandiko cha pawa saplai, mstari wa umeme unaoingia. Iliyoandikwa 100–240V itavumilia umeme ukishuka hadi 180 bila kulalamika. Iliyoandikwa 200–240V peke yake huanza kuzimazima umeme ukipungua, na wewe utaulaumu ubao mzima. Nyingine za zamani zina kiswichi chekundu nyuma, 115 au 230. Kikiwa kwenye 115 na ukachomeka kwenye soketi zetu, utasikia mlio na kunusa moshi. Kiangalie kabla ya yote kama pawa ni ya mtumba.

Kisha achana na ekstensheni. Chomeka moja kwa moja ukutani. Zile ekstensheni zenye matundu ya kupokea kila aina ya plagi hazikamati vizuri. Ukiona mguu wa plagi una weusi au kahawia, hapo umeme ulikuwa unarukaruka. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) nayo iweke pembeni kwa leo. Yenye 650 VA haibebi wati 650, hubeba pungufu mno. Mtu anaunganisha kompyuta ya gemu humo, inakatika, anashangaa.

*Umefanikiwa iwapo:* volti ziko sawa, plagi imekaza ukutani, na tatizo bado lipo. Kama limeondoka, ulikuwa na ugonjwa wa ekstensheni, na shughuli imeishia hapa.

Hatua ya 3: Nyaya mbili ambazo lazima ziwepo

Chomoa plagi. Madabodi inataka nyaya mbili za umeme, na watu wengi huweka moja.

Wa kwanza ni ule mpana wa pini 24, pembeni kulia. Usiuangalie kwa macho tu, ushike. Uubonyeze mpaka kindoano chake kilie "tak". Ukiwa umeingia robo tatu, kompyuta itawaka, na ukigusa meza itazimika.

Wa pili ni wa prosesa: pini 8, au 4 mbili zinazoungana, juu kushoto karibu na feni ya nyuma. Usipokuwepo, madabodi nyingine huwaka na kuzimika hapo hapo, nyingine huzungusha feni tu bila picha.

Ole wako hapa. Waya wa kadi ya grafiki nao una pini 8, unafanana na wa prosesa kama pacha. Wa grafiki mara nyingi hugawanyika 6 na 2, wa prosesa 4 na 4. Matundu yake yameumbwa tofauti kwa makusudi. Ukiona waya unakataa kuingia, usitumie nguvu, kwa sababu upande mmoja una volti 12 pale mwenzake alipo na waya wa kurudishia. Ukiulazimisha ni shoti kamili.

Na kama pawa saplai yako ni ya kuchomoa nyaya zote, tumia nyaya zilizokuja nayo tu. Upande wa kuingia kwenye madabodi unafanana kwa kampuni zote, ila upande wa kuingia kwenye pawa kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka. Mimi mwenyewe niliunguza diski ya mteja kwa kuchukua waya wa diski kutoka boksi la pawa nyingine. Uliingia vizuri kabisa, bila kusukuma. Harufu ilinifika puani kabla mkono haujafika kwenye swichi. Nikalipa.

Hatua ya 4: Vitufe vya mbele

Fupi hii. Chomoa vile viwaya vidogo vyote vya mbele ya kesi: cha kuwashia, cha kuanzisha upya, taa, na USB za mbele. Washa kwa kugusisha ncha ya bisibisi pini mbili za kuwashia kwa nusu sekunde, kisha uondoe. Kitabu cha madabodi kinaonyesha ni zipi.

Ikikaa, tatizo ni kitufe. Rudisha cha kuwashia peke yake, ujaribu, kisha kingine. USB za mbele nazo zichunguze. Pini moja ikipinda na kugusa jirani yake, madabodi nyingine hukata umeme baada ya sekunde chache kujilinda.

Kitufe cha kuwashia kikiwa ndicho kibovu, hata usisumbuke kununua kesi. Chomeka waya wa kitufe cha kuanzisha upya kwenye pini za kuwashia. Vyote viwili ni kitu kimoja ndani.

Hatua ya 5: Itoe kwenye kesi

Hatua hii kila mtu anaipinga. "Fundi, nimetumia saa nne kuifunga, niitoe yote?" Itoe yote.

Mwaka jana alikuja kijana wa Makorora. Akaamkia, akakaa, akaniwekea mezani kesi na pawa saplai mbili pembeni.

"Hizi zote mbovu, fundi."

"Mwanangu, zote tatu mbovu?"

"Ndiyo. Inashtuka, inazima. Kila moja."

Nikamwambia pawa tatu hazifi kwa ugonjwa mmoja. Tukafungua skrubu, tukainua madabodi. Chini yake, kwenye bati la kesi, palikuwa na kile kinguzo kidogo cha rangi ya dhahabu kinachoshikilia madabodi, ila kimesimama mahali ambapo madabodi ile haina tundu. Nikaigeuza madabodi juu ya taa. Mgongoni, sawasawa na kile kinguzo, palikuwa na alama ndogo kama ya ncha ya kalamu, rangi ya kijani imekwanguka, risasi mbili za kuchomelea zimeng'aa kwa kusuguliwa. Kila akiwasha, chuma kile kinaziunganisha na bati. Tukakifungua kwa koleo, tukarudisha madabodi. Ikawaka. Pawa yake ya kwanza ilikuwa nzima siku zote, na zile nyingine mbili pia.

Kwa hiyo ukishaitoa, weka madabodi pembeni na uhesabu vinguzo. Kila kinguzo lazima kiwe na tundu lake, na kila tundu la skrubu liwe na kinguzo. Madabodi ya saizi kamili ya ATX kwa kawaida ina matundu tisa, ndogo kabisa ya ITX ina manne. Kesi nyingi huja na vinguzo vilivyokwisha kufungwa kwa saizi ya kiwanda, na mtu akiweka madabodi ndogo anasahau kuondoa vilivyozidi.

Angalia pia lile bati la nyuma lenye matundu ya USB na waya wa mtandao. Lina ndimi ndogo za bati. Ulimi mmoja ukiingia ndani ya tundu la USB badala ya kukaa juu yake, ni shoti. Ukimaliza, pangusa bati la ndani ya kesi. Nimeshakuta skrubu, kipande cha waya, na mara moja pete ya kopo la soda. Sikumuuliza ilifikaje.

Hatua ya 6: Iwashe juu ya boksi

Laza madabodi juu ya boksi lake la karatasi. Usiilaze juu ya ule mfuko wa rangi ya fedha uliokuja nayo, kwa sababu nje yake mfuko unaweza kupitisha umeme.

Acha vitu hivi tu: prosesa na hitisinki yake, kipande kimoja cha ramu, waya wa pini 24 na waya wa prosesa. Hakuna diski, hakuna feni za kesi, hakuna taa za rangi. Kadi ya grafiki nayo itoe, isipokuwa prosesa yako haina grafiki ndani. Za Intel zenye herufi F mwishoni hazina. Za Ryzen (prosesa za AMD) za mezani kabla ya mfululizo wa 7000, nyingi zisizo na herufi G hazina. Ukiwa na hizo, kadi ibaki, na waya wake wa umeme ubaki.

Washa kwa bisibisi. Hesabu tena.

Ikikaa dakika kumi, kosa lilikuwa kwenye kesi au kwenye kimoja kati ya ulivyoondoa. Ruka hadi hatua ya 9. Ikizimika kama mwanzo, umebaki na vifaa vinne tu vya kushuku, jambo ambalo saa moja iliyopita hukuwa nalo. Tazama kama madabodi ina taa ndogo nne za uchunguzi, kwa kawaida karibu na waya wa pini 24: za prosesa, ramu, grafiki na diski. Inayobaki inawaka kabla ya kuzimika ndiyo inayokuonyesha mwelekeo.

Hatua ya 7: Hitisinki, prosesa na ramu

Anza na hitisinki, hasa kama sekunde zako zilikuwa nyingi na zinapungua. Feni yake lazima iwe kwenye pini za feni ya prosesa. Ikiwekwa kwenye za feni ya kesi, madabodi nyingine zinakataa kuendelea. Hitisinki ya maji nayo ina pampu inayohitaji umeme wake. Feni zinazunguka kwa madaha, pampu imelala, prosesa inaungua.

Ishike hitisinki kwa vidole na uitikise taratibu. Ikicheza, haijakaa. Zile za Intel zenye miguu minne ya plastiki ndizo sumbufu: mguu mmoja haukupenya vizuri, upande mmoja umenyanyuka. Geuza madabodi uone miguu yote minne imetokea mgongoni kwa usawa.

Kisha iondoe. Izungushe kidogo kushoto na kulia kwanza ili pesti iachie. Ukiivuta kwa nguvu kwenye Ryzen za soketi ya AM4, prosesa inaweza kung'oka pamoja nayo ikiwa imefungwa bado, na pini zikapinda. Tazama chini yake. Kama kuna karatasi ya plastiki ang'avu iliyoandikwa onyo la kuitoa kabla ya kufunga, cheka kwanza, kisha uitoe. Huna wa kumwonea haya, nimezikuta nyingi.

Alama ya pesti inakusomea habari. Ikiwa imetandaa uso mzima, ilikuwa imekaa vizuri. Ikiwa imebaki kilima katikati au imeegemea upande mmoja, hitisinki haikugusa. Safisha zote mbili, weka pesti mpya saizi ya punje ya choroko, funga skrubu kwa kupishana pembe, kidogo kidogo. Prosesa nyingi zikifika nyuzi 95 hadi 105 hupunguza kasi kujiokoa, na joto likizidi kupanda hujizima. Ukipata picha, ingia BIOS usome joto. Bila kazi yoyote, hata chumba chetu kikiwa kinachemka msimu wa kaskazi, nyuzi 40 hadi 55 ni za kawaida. Ukiona 80 inapanda huku unatazama, zima.

Ukiwa hapo, angalia soketi ya prosesa kwa tochi. Madabodi za Intel na za AM5 (soketi mpya ya AMD) zina pini ndani ya soketi, laini kama nywele. Mulika kwa ubavu. Zote zinatakiwa zing'ae kwa safu iliyonyooka, na inayong'aa tofauti na wenzake ndiyo imepinda. Usiiguse kwa kidole.

Ramu sasa. Kipande kimoja, tundu la pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Madabodi nyingi za matundu manne ndivyo zinavyotaka. Kibonyeze pande zote mbili mpaka zilie. Ikikataa, jaribu kipande kingine, kisha tundu jingine, ukiandika kila jaribio. Ramu za mtumba zilizokaa miaka kwenye hewa ya bahari hufanya ukungu wa chumvi kwenye meno ya dhahabu. Yasugue kwa kifutio kwa upole, upanguse vumbi lake lote, urudishe.

Bado? Futa mipangilio ya BIOS: plagi ikiwa nje, toa ile betri ya duara ya CR2032, subiri dakika tano, irudishe. Na thibitisha kwenye tovuti ya mtengenezaji wa madabodi kwamba prosesa yako iko kwenye orodha, na kwa toleo gani la BIOS. Mfano wanaokwama nao wengi: madabodi ya B450 iliyokaa dukani muda mrefu haitaitambua Ryzen 5000 mpaka BIOS isasishwe. Madabodi nyingine zina kitufe cha kusasisha kwa flashi bila kuhitaji prosesa. Kama yako haina, tafuta fundi mwenye prosesa ya zamani ya kuazima.

Hatua ya 8: Sasa ndiyo pawa saplai

Soma kibandiko, lakini usisome namba kubwa ya wati iliyoandikwa kwa mbwembwe. Tafuta safu ya volti 12 uone ampea zake, kisha zidisha. Pawa ya kweli ya wati 550 itakuwa na kama ampea 45 kwenye volti 12, yaani wati 540. Nimeshashika iliyoandikwa 600 ina ampea 18. Kumi na nane mara 12 ni 216. Hizo nyingine ziko kwenye rangi ya boksi tu.

Linganisha na mzigo. Kadi ya RTX 3060 yenyewe inatumia wati 170, Ryzen 5 5600 inafika 76 ikibanwa, ongeza madabodi, feni na diski, na kumbuka kadi za grafiki huruka juu kwa kufumba na kufumbua. Ndiyo maana watengenezaji wa kadi hiyo wanashauri pawa ya wati 550. Yenye 216 itawaka, itafungua kompyuta, na gemu likipakia tu, giza.

Kupima: ikiwa imeunganishwa kwenye madabodi na imewashwa, weka maltimita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse skrubu ya kesi ya pawa, nyekundu iingie kwa nyuma ya waya wa njano kwenye waya wa pini 24. Unataka kati ya 11.4 na 12.6. Mwekundu, 4.75 hadi 5.25. Wa chungwa, 3.14 hadi 3.47. Kipimo kikishuka kuelekea 11 sekunde moja kabla haijazimika, umemkamata. Mkono usitetemeke hapo. Ncha ikigusa pini mbili kwa pamoja umetengeneza shoti nyingine. Nyaya zote zikiwa nyeusi, acha kubahatisha, tafuta kipimo maalumu cha pawa saplai au uende hatua ya kuazima.

Azima ile ya jirani, pamoja na nyaya zake. Madabodi ikiwa juu ya boksi, hitisinki imekaa, ramu imejaribiwa, na kwa pawa ya jirani inakaa ila kwa yako haikai, sasa nenda dukani kwa amani. Kwa pawa zote mbili isipokaa, umebaki na madabodi au prosesa, na hapo rudisha madabodi kwanza ikiwa bado ina garantii. Prosesa mpya mara chache huwa mbovu.

Hatua ya 9: Rudisha kimoja kimoja

Ramu ya pili. Washa, dakika tano. Diski. Washa. Kadi ya grafiki, na waya wake kamili: ikiwa ina matundu mawili ya umeme, yote mawili yajazwe. Washa. Kisha rudisha madabodi kwenye kesi, washa kabla hujaweka feni. Kisha feni. Kisha vitufe. Kisha USB za mbele.

Najua unataka kurudisha vyote kwa mpigo kwa sababu imeshawaka. Ukifanya hivyo na ikazimika, unarudi hatua ya 5, na safari hii utakuwa na hasira.

Jaribio la jioni

Usifunge mfuniko bado. Ngoja saa moja usiku, umeme wa mtaa ukiwa umechoka na chumba bado kina joto la mchana. Fungua gemu lako zito, au programu ya kutesa prosesa na grafiki kwa pamoja, kwa nusu saa, ukitazama joto. Prosesa ikibaki chini ya nyuzi 90 na kompyuta isikatike, irudishe kwenye ekstensheni uliyokuwa ukitumia zamani uone kama itakaa. Ikikatika, kanunue ekstensheni.